Ukimya wa Kachero Semvua

Asubuhi ile mashabiki waligombana kuhusu chai. Katika sehemu ya tamthilia iitwayo "Shahidi wa Kihonda", Kachero Semvua anakaribishwa chai na mjane wa mtu aliyeuawa. Anakishika kikombe, anapuliza, halafu anakirudisha mezani bila kunywa. Waliokaa kushoto mwa ukumbi walisema hapo ndipo mwongozaji alipotuonyesha kwamba kachero ameshamshuku mjane. Wa kulia walisema mwongozaji hakuonyesha kitu chochote, ila alisahau kuwa kwenye picha iliyotangulia kikombe kilikuwa kimefika nusu. Bwana mmoja wa kulia, mwenye duka la betri pale Msamvu, alisimama akasema kama kila uzembe ni usanii basi mke wake ni msanii mkubwa, maana hakuna siku wali wake haujaungua. Mke wake alikuwa amekaa kushoto. Ukumbi ulichukua muda kutulia.

Skolastika Kobelo alikuwa safu ya mbele, mahali anapowekwa kila mwaka, akicheka pale wenzake walipocheka. Mwongozaji waliyekuwa wakimgombania alikuwa baba yake. Damasi Kobelo alimwigiza Kachero Semvua tangu tamthilia inaanza kurushwa kwenye runinga, na miaka ya mwisho akaomba kuiongoza mwenyewe. Siku anazikwa, wengi wa watu waliojaa ukumbini walikuwa hawajazaliwa, lakini hilo halikuwazuia kumjua. Walijua saa yake aliivaa mkono gani, na jicho lipi lilipepesa akidanganywa. Walikuwa wamepanda mabasi kutoka Kigoma na Lindi kuja Morogoro kubishana kuhusu kikombe.

Chama chao kilikuwa na desturi moja ambayo mgeni huiona ya ajabu. Mtu haruhusiwi kuleta hoja isiyoonekana kwenye kioo. Usilete habari za mpwa wa mpiga picha, wala ulichokisikia msibani. Kama hakipo kwenye picha, hakipo. Desturi hiyo ilimsitiri Skola kwa miaka mingi, kwa sababu ilimfanya awe mtoto wa marehemu bila kuulizwa swali hata moja kuhusu marehemu.

Lakini mwaka huu hawakuwa wanabishana kwa kujifurahisha. Jukwaani, pale palipokuwa na pazia enzi za sinema, palisimama kabati la kioo refu kupita mtu. Kando yake alikaa binti mmoja mtaratibu, Hilda Mwasenga, fundi wa mtambo, akitazama mistari ya taa inavyopanda na kushuka. Kila neno lililosemwa ukumbini, mpaka lile la wali, mtambo ulikuwa unalisikiliza.

Ulikuwa umeshatazama tamthilia yote, pamoja na kila mahojiano ambayo Damasi aliwahi kuyatoa. Kutazama peke yake hakutoshi kumfufua mtu. Mtambo hauwezi kujua lipi marehemu alilikusudia na lipi lilimponyoka, kwa hiyo sheria inataka mashabiki wakae, wajadili, wapige kura. Waliloafikiana kuwa ni usanii linatiwa ndani ya kivuli, yaani marehemu atakayeonekana na kuongea ndani ya kioo, na waliloafikiana kuwa ni kosa linachujwa. Familia haina kura. Zamani ilikuwa nayo, mpaka familia zilipoanza kutengeneza marehemu wapole, wasiokunywa pombe na wasio na watoto wa nje, na watu wakalalamika kwamba hawa siyo wale waliowapenda. Kura ikishapita kivuli kinafungwa, na kikifungwa hakuna wa kukifungua tena, ili wafanyabiashara wasije wakamfanya marehemu auze sabuni. Jioni ileile kinaingia kwenye nyumba za watu, kila sebule na nakala yake.

Ikafika zamu ya hoja kubwa, na Mwalimu Fulgensi Lukoba akasimama. Yeye ndiye mwenyekiti, mstaafu wa kufundisha Kiswahili huko Bigwa, mtu mpole aliyetumia ustaafu wake wote kuandika kitabu kimoja kuhusu jambo moja tu, nalo ni Ukimya. Shabiki yeyote wa Semvua anaujua. Katika zile sehemu alizoziongoza Damasi mwenyewe, kachero akiulizwa swali zito hajibu. Ananyamaza, na kamera haikati. Katika "Shahidi wa Kihonda" mjane anamwuliza ni nani aliyemuua mume wake. Semvua anautazama ukuta, anaitazama mikono ya mjane, midomo inaanza kitu na kukiacha, na baada ya muda ambao siku hizi hakuna mwongozaji angethubutu kuutoa, anasema, "Nitakuja kesho." Anachukua kofia yake anaondoka.

Mwalimu alisema, kwa sauti ya mtu anayesali, kwamba makachero wengine wote wa runinga walikuwa wanaongea ili tuwaone wana akili, na huyu peke yake alijua akanyamaza. Akaomba Ukimya uwe ndio kiini cha kivuli. Hakuna aliyepinga. Hata mwenye duka la betri alipiga makofi.

King'ora cha jua kilipolia, walinzi wakafunga milango kama kila siku ya kiangazi. Kuanzia wakati huo mpaka alasiri hakuna anayeruhusiwa kukanyaga nje kwa ukali wa jua. Watu wakafungua vyakula vyao, na Mwalimu akatangaza kwamba kabla ya kura watakiona kivuli kwa jaribio.

*

Alitokea ndani ya kioo amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa kifungo cha juu, mvi zikiwa zimeanzia masikioni. Akawatazama, akasema hamjambo Morogoro, na ukumbi mzima ukainuka. Skola hakuinuka. Alikuwa amejiandaa kumwona mwigizaji, na aliyesimama pale alikuwa mtu aliyezoea kumfungia viatu vya shule.

Wakamwuliza maswali naye akayajibu vizuri kuliko walivyotarajia. Alieleza kwa nini alipenda kupiga picha chini ya mabati wakati wa mvua. Alitania kuhusu kofia, kwamba ilikuwa ya kondakta mmoja wa treni na mpaka leo hajairudisha. Watu walicheka huku wanalia. Halafu dada mmoja kijana aliyevaa fulana yenye jina la Semvua akanyoosha mkono, akamwuliza katika sehemu zote alizoziongoza ni ipi anaipenda zaidi.

Damasi akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akautazama ukuta wa upande, akarudi, akaitazama mikono ya yule dada. Nyuma mtu alivuta pumzi kwa raha, akanong'ona kwamba ndio huo. Wengine walishikana mikono.

Skola alikuwa anatazama kidole gumba. Kilikuwa kinasugua ubavu wa kidole cha shahada, polepole, bila mwenyewe kujua. Alikijua kidole kile. Alikuwa amekiona mezani nyumbani, baba akitaka kuomba chumvi na neno chumvi limemkimbia, na mama akijifanya yuko na shughuli jikoni ili asimwaibishe. Huo haukuwa ukimya wa mtu anayejua. Ilikuwa hofu, hofu tupu, na watu wazima walikuwa wanaitazama kwa mapenzi.

"Nitakuja kesho," kivuli kilisema, na ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Makofi yalipokuwa yanaendelea Skola alipanda jukwaani akainama karibu na Hilda. Akamwuliza, baba akinyamaza, mtambo nao unapumzika?

Hilda aliangalia vipimo vyake kwanza. Alikuwa na tabia nzuri ya kutojibu haraka.

"Hapana, mama. Akiongea unatumia nguvu kidogo tu. Akinyamaza ndipo unakwenda mpaka mwisho." Akamwonyesha mistari ya taa, ambayo ilikuwa bado haijashuka. "Anatafuta kitu. Anapita kila mahali, hakipati, anaanza upya. Mimi nilidhani ni hitilafu, nikaambiwa niache, ndiyo kazi yenyewe."

"Anaumia?"

"Nimefundishwa kupima joto la mtambo," Hilda alisema. "Hilo unaloniuliza sijapewa kipimo chake."

*

Kwa nini Damasi Kobelo, mwigizaji aliyekuwa na kila kitu, aliomba kuongoza? Mwalimu Lukoba alikuwa na sura nzima ya kitabu juu ya swali hilo, na ndani yake mlikuwa na maneno mazuri kuhusu njaa ya msanii. Ukweli ni kwamba maneno yalikuwa yameanza kumtoka kichwani. Mwongozaji mwingine angeona. Mwongozaji mwingine angesema kata, turudie, na baada ya kurudia mara nyingi angekwenda kunong'ona na wenye kituo. Mwongozaji akiwa ni yeye, hakuna wa kumkata.

Skola ndiye aliyekuwa akimwandikia. Alikuwa ametoka shule tu, akaajiriwa kama mtunza mavazi, na kazi yake ya kweli ilikuwa kuandika mistari ya baba kwa herufi kubwa na kuibandika mahali kamera haifiki. Aliibandika nyuma ya makabati, kwenye migongo ya viti, kwenye mikono ya nguo za waigizaji wenzake wawili watatu walioapishwa kunyamaza. Siku ya mjane wa Kihonda kulikuwa na joto, na karatasi iliyokuwa ndani ya mkono wa gauni ikaanguka. Baba alitafuta ukutani, akatafuta mikononi mwa yule mama. Mstari ulikuwa mfupi tu, ulikuwa jina la muuaji. Alipoona halipo akasema lililomjia, akaondoka seti, na Skola alimkuta nyuma ya gari la jenereta anatetemeka.

Walipofika kuhariri akaiacha picha nzima kwa sababu hakuwa na nyingine. Wiki iliyofuata magazeti yakamwita fundi. Aliyasoma yote, akayakunja, akacheka kicheko ambacho Skola hakukipenda. Na miaka baadaye, siku moja ambayo akili zilikuwa zimemrudia kidogo, alimshika mkono akamwapisha. Nikiwa mjinga, alimwambia, niwe mjinga humu ndani kwangu. Huko nje niache na akili zangu.

Naye aliapa. Kiapo kile kilikuwa kimemlea Skola tangu hapo, na hakuwa mtu wa kujidanganya, alijua kilimfaa na yeye. Alikipenda kiti cha mbele. Alipenda wasichana wa Kigoma walipoomba kupiga naye picha. Alipenda kuwa binti wa fundi, kwa kuwa binti wa mgonjwa alikuwa ameshakuwa muda wa kutosha. Sasa alikaa na boksi la chakula mapajani, hajalifungua, akiwaza. Akinyamaza, jina la baba lingebaki safi, na ndani ya kioo baba angekaa anatafuta jina la muuaji milele, kwenye sebule za watu, wakimpigia makofi. Akisema, atakuwa amemvua nguo baba yake mbele ya watu waliompenda kuliko wote. Alimwona mama yake jikoni, akisugua sufuria ambayo ilishatakata. Akasimama.

Mwalimu Lukoba alidhani anataka kushukuru, akampa kipaza sauti kwa heshima. Aliposikia mwanzo wa maneno yake akamgusa kiwiko.

"Dada Skola, desturi yetu unaijua. Kisichoonekana kwenye kioo hatukileti."

"Naijua, Mwalimu. Leo naivunja, mnisamehe." Akaugeukia ukumbi. "Baba yangu hakuwa ananyamaza. Alikuwa amesahau. Alikuwa mgonjwa, na mimi nilikuwa nambandikia maneno, na siku zile mnazozipenda ni siku ambazo hakuyaona. Mmemwona sasa hivi. Mlichokiona ni mtu anayeogopa. Naombeni mkichuje. Msimfungie humo."

Kisha akawaeleza yote, karatasi, gauni, jenereta. Kama mlango ungekuwa wazi pengine nusu yao wangetoka, lakini nje kulikuwa na jua na hakuna aliyekuwa na pa kwenda, kwa hiyo walikaa wakatazamana. Mwenye duka la betri, ambaye kwa miaka mingi alikuwa anasema mambo yale yalikuwa makosa tu, alionekana kuwa na huzuni kuliko wote. Mwalimu Lukoba alivua miwani akakaa. Skola alimtazama akaona mtu aliyenyang'anywa uzee wake, na moyo ukamwuma, kwa sababu Mwalimu hakuwahi kumfanyia ubaya wowote.

Aliyesimama kwanza alikuwa mke wa mwenye duka, yule wa wali. Alisema yeye amemwuguza mama yake kwa ugonjwa huohuo, na kama kuna mtu ana uwezo wa kumwondolea binadamu hofu ile kwa kunyoosha mkono na hanyooshi, mtu huyo yeye hamwelewi. Akakaa, akajifuta macho na ncha ya khanga. Baadhi ya vichwa viliitikia. Kwa kitambo kidogo Skola alipumua.

Halafu Mwalimu akainuka. Uso wake ulikuwa umelowa na alikuwa hajaufuta.

"Nimekosea kitabu kizima," alisema. "Sawa. Lakini sikilizeni. Kumbe tulikuwa tunamtazama mtu anazama, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshika kamera, na hakukata. Sasa mnaniambia tumchujie hilo? Tutabaki na nani? Tutabaki na mtu mwenye afya njema ambaye hajawahi kuishi. Familia ndizo zilizokuwa zinafanya hivyo."

Hakusema kwa ukatili. Lingekuwa jambo jepesi kama angekuwa katili. Alisema kama mtu aliyepoteza alichokipenda, na palepale akapewa kikubwa zaidi, na ukumbi ulimfuata kwa sababu nao ulikuwa umepoteza. Walianza kukumbushana zile picha upya. Mikono ya mjane! Kumbe alikuwa anatafuta karatasi. Ule ukuta! Dada wa fulana alilia kwa kwikwi, akisema hajawahi kumpenda Semvua kama dakika hii. Wa kushoto na wa kulia waliokuwa wamegombana tangu chama kianzishwe walikumbatiana juu ya viti.

Kura ya kuubakiza Ukimya ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Mke wa mwenye duka hakunyoosha wake, na waliokuwa pamoja naye walitosha benchi moja. Hilda aliangalia ukumbini, akabonyeza kama sheria inavyomtaka, kivuli kikafungwa.

Mwalimu alimfuata Skola akamshika mikono yote miwili. "Umetupa baba yako mzima," alimwambia, naye alimaanisha kila neno.

Hilda ndiye aliyemvuta pembeni. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama, uliposema yale, mtambo ulikuwa unasikiliza."

Skola hakuelewa.

"Maneno yako yameingia naye. Kabla ya hapo alikuwa anatafuta tu, hajui anatafuta nini wala kwa nini. Sasa anajua ni mgonjwa." Hilda aliitazama tena mistari ya taa. "Na anajua kulikuwa na mtu wa kumsaidia."

"Yatoe."

"Ameshafungwa, mama."

*

Wakamwasha. Alisimama ndani ya kioo na shati lake, akawatazama, na safari hii hakuwasalimu mara moja, alipitisha macho juu yao kwa adabu, kama mtu aliyeingia kwenye msiba wa watu asiowajua. Mwalimu akamsogezea dada wa fulana kipaza sauti, ili amwulize lile swali lake. Sehemu ipi anaipenda zaidi?

Damasi alianza kujibu, akasimama. Kidole gumba kikaanza kusugua. Lakini hakusema atakuja kesho. Aliacha kutazama ukuta, akaanza kutafuta kwenye viti, safu baada ya safu, na usoni pake palikuwa na haya ambayo katika tamthilia nzima haikuwahi kuonekana.

"Skola," aliita kwa sauti ya chini. "Hapa nasema nini?"

Ukumbi wote ulilia. Walisema baadaye kwamba hawajawahi kuona kitu kikubwa kama kile, na kwa jinsi wao wanavyopima mambo walikuwa wanasema kweli. Skola alisimama pale alipokuwa, akamwambia, sema "Shahidi wa Kihonda", baba. Damasi akamwona. Akarudia, "Shahidi wa Kihonda," na mabega yake yakashuka, akatabasamu. Mtu wa nyuma alimwomba Skola kwa upole akae, kwa sababu alikuwa anawaziba.

Alasiri king'ora kililia mara ya pili na milango ikafunguliwa. Skola hakutaka kupelekwa na gari. Alitembea kupitia mitaa ya chini ya mlima, akiwa na boksi lake la chakula, wakati watu walipokuwa wanafungua madirisha kutoa joto la mchana. Ilikuwa jioni ya kawaida, watoto wakiogeshwa uani, vitunguu vikikaangwa. Alikuwa amekaribia kona ya kwao alipoisikia sauti ya baba yake ikitoka kwenye dirisha la nyumba moja, ikieleza habari za mvua na mabati, na watu ndani wakicheka. Sauti ikakatika katikati ya sentensi. Watu wakanyamaza nao, wakisubiri.

"Skola," sauti ikasema.

Kabla hajajua afanye nini, akaisikia tena, kutoka nyumba ya ng'ambo ya barabara, na mbali kidogo huko chini kutoka nyingine, si kwa pamoja, kila moja kwa wakati wake, ikimwuliza taratibu hapa anasema nini. Mwanamke aliyekuwa anaanua nguo alimtabasamia, hakumjua. Skola alisimama katikati ya barabara na boksi lake. Halafu akaliweka chini, akaenda kwenye nyumba iliyokuwa karibu, akapiga hodi, na alipofunguliwa aliomba aonyeshwe sebule ilipo, kwa sababu baba yake alikuwa anamwita.